Namna ya kufanya wazazi wakuye ku shule hata siku hakuna mambo ya feza

Ukitaka kujua kama shule yako iko na wazazi ao iko na watu wa kulipa tu, fanya kitu moja: ita mkutano na uandike kabisa mu ile karatasi kama siku hiyo feza haitaongelewa. Kama shule ni ya watoto mia sita na wazazi wanakuya kumi na tano, usikimbilie kusema eti wazazi wa Goma hawapendake masomo. Wanayapenda sana, kuko mama anaamukaka usiku kuenda kutafuta sambaza ku ziwa ju tu mtoto apate kaye. Shida ni kama walizoea: shule ikiita, ni ju ya feza ao ni ju mtoto amekosa. Wamama wa Majengo wanasemaka wazi, "Banatuitaka saa ya franga, ingine saa hatuwaone."

Na hawakosee. Tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kulipa walimu vizuri, mzazi njo alikuwa anabeba mwalimu mu mfuko wake, ile tulikuwa tunaita prime. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 43, ilisema masomo ya primere ku shule za Serikali ni ya bure, lakini bure yenyewe ilianza kweli mu Septemba 2019. Watu walifurahi, madarasa yakajaa mpaka watoto wanaikala ine ku benchi moja, na kitu ingine ikatokea yenye hatuiongelei sana: feza ilikuwa njo kamba moja tu iliyofunga mzazi na shule, ilipokatwa mzazi akasema basi, sasa ni mambo ya Serikali, mie natafuta nini kule? Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta kamba ingine. Ninaandika hapa kwa direkta, kwa mwalimu, na kwa mzazi yeyote aliyechaguliwa mu komite ya wazazi na hajue aanzie wapi.

Anzia ku portai

Shule mingi ziko na maneno mazuri yameandikwa ku ukuta, nidhamu, kazi, upendo, na hapo hapo chini ya ukuta mlinzi anatukana watoto. Mtoto hasomake ukuta. Anasoma sura ya mtu wa kwanza mwenye anakutana naye asubuhi. Direkta, simama wewe mwenyewe ku portai kuanzia saa moja mpaka kengele ilie, siyo siku moja ya maonyesho, wiki nzima, kisha mpeane zamu na walimu. Salimia kwa jina. Hautajua majina yote, anza na yale ya wenye wanachelewaka, hao wanajulikana haraka.

Sasa tuongee ju ya wenye kuchelewa, ju hapo njo roho ya shule inaonekana. Mtoto wa darasa la ine anafika saa mbili kasoro. Angalia mikono: iko na alama nyekundu ya kamba ya bidon, kaptula imelowa mpaka ku magoti. Alikuwa ku robine tangu giza. Ukimupigisha magoti juu ya haya mawe yetu ya volkano, umemufundisha nini? Kesho hatakuya mapema, kesho hatakuya kabisa. Muulize kwanza umetoka wapi, kisha andika mu kaye moja ndogo yenye inabaki ku portai: jina, darasa, sababu. Maji. Alilinda mdogo wake. Alisindikiza mama ku soko. Anatoka mbali. Wiki mbili tu, utaona hiyo kaye inaanza kuongea. Kama nusu ya wachelewaji ni maji, basi haiko nidhamu unatafuta, ni mwenye robine. Wewe na mzazi mmoja wa komite, muende kumuona, mumusalimie vizuri, mumuombe kama kila asubuhi mtoto mwenye uniforme apite mbele ya wengine. Hiyo haiombe feza, haiombe mradi, na mtaa mzima utaona kama shule inajua maisha yao.

Ju ya fimbo nitaongea mafupi. Sheria ya kulinda mtoto, ile ya Januari 2009, inasema nidhamu ku nyumba na ku shule ifanywe kwa namna mtoto anachukuliwa kama mtu. Najua mzazi mwenyewe anakuyaka kukuambia "mwalimu, mupige tu", usiingie mu huo mtego. Panga kanuni chache, tano zinatosha, zipange pamoja na watoto, ziandike kwa Kiswahili, na zishike hata walimu. Mwalimu akichelewa, aombe msamaha mbele ya darasa. Watoto hawasahauke kitu kama hicho.

Mtoto mgeni

Hii ni mambo ya Goma sana. Miaka yote hii ya vita, watoto wanatoka Masisi, Rutshuru, Nyiragongo, wanaingia mu madarasa yetu katikati ya mwaka, bila buleti ya shule, bila uniforme, wengine na Kiswahili yenye watoto wa Katindo wanaicheka. Kama unataka kupima shule usiangalie tu asilimia ya wenye walipita mitihani, angalia huyu mtoto anaitwa nani mu rekreasio. Kama wanamuita "mkimbizi" na mwalimu anasikia na kunyamaza, basi hapo hakuna shule, kuko majengo.

Fanya hivi. Siku ya kwanza, mpe mwenzake mmoja wa kumusindikiza wiki nzima, mwenye anakaa upande wa kwao kama inawezekana. Mkalishe katikati, siyo nyuma. Usimuulize mbele ya wengine alikimbia nini. Na hii ningeomba kila direkta aisikie: shirika likikuya kugawa kaye na mikoba, usisimamishe hawa watoto wageni mbele ya shule nzima eti picha. Najua wenye kuleta msaada wanaombaka picha, lakini wewe njo mwenye nyumba, unaweza kukataa na vitu bado vitabaki. Gawia mu darasa moja, apremidi, na mzazi ao mlezi akiwa hapo, na kama kuko mtoto wa mtaa mwenye ni maskini kushinda hao, na yeye apate, ju wivu ya mtaa inaanzaka hapo hapo ku ile mikoba.

Mkutano wenye watu watarudia

Kosa ya kwanza ni luga. Mkutano unaanzishwa na Kifaransa ya dakika makumi mbili, "chers parents", na mama mwenye aliacha meza yake ya lengalenga anaangalia tu viatu vyake. Sheria yetu ya elimu ya 2014 yenyewe inakubali luga za taifa kufundishia watoto wadogo, na huku kwetu hiyo ni Kiswahili, sasa mzazi wake atashindwaje kupokewa mu Kiswahili? Ongea Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho, hata barua, hata hesabu.

Kosa ya pili ni saa. Saa tatu ya asubuhi siku ya kazi, mama wa soko ya Virunga ao ya Alanine hawezi. Posho asubuhi Waadventista wako ku ibada, Yenga wengine wote, Ijumaa kati Waislamu. Usiamue peke yako ndani ya biro. Tuma swali na watoto, wazazi wachague kati ya saa mbili tatu, na kila darasa ifuate yake.

Na hapo nafikia kitu yenye mie naona inashinda zote: acha kuita shule nzima. Mkutano wa watu mia tatu ni mahali ambapo wanaume watano wanaongea na wengine wanapigwa na jua. Ita darasa moja. Mwalimu, wazazi thelathini ao arobaini, saa moja, imekwisha. Muikale mduara, siyo kama watoto mbele ya tablo. Usianze na matatizo. Anza na kazi ya watoto: mtoto mmoja asome aya moja, mwingine aonyeshe hesabu ku tablo, na usichague tu wale wakali, chagua mwenye alikuwa anashindwa na sasa anajaribu. Mama yake akimuona vile, hautamuita tena mara mbili.

Kisha onyesha wazazi namna ya kuangalia kaye, hata kwa mwenye hakusoma. Hiyo inasaidia kuliko hotuba yoyote. Chukua kaye moja, fungua mbele yao. Hapa juu kuko tarehe: kama leo ni Alhamisi na tarehe ya mwisho ni ya Yumatatu, muulize mtoto siku ingine alikuwa wapi, ao mwalimu alikuwa wapi, ju hiyo pia inatokeaka. Hapa kuko biki nyekundu: kama hakuna nyekundu kurasa tatu, ine, basi mwalimu hakosoe, mzazi ana haki ya kuya kuuliza. Hapa kurasa imepasuliwa: ilienda wapi? Mzazi mwenye hajue hata kuandika jina lake anaondoka na kazi ya kufanya kila mangaribi, na mwalimu pia anajua kama anaangaliwa. Walimu wengine hawatapenda hiyo sehemu. Ifanye tu.

Mwishoni acha wamama waongee kwanza. Sema wazi, "tunaanza na wamama," vinginevyo wababa watamaliza saa yote na siasa.

Feza iwekwe ku jua

Hata kama primere ni bure, feza haiishe ku shule, kuko segondere, kuko michango ya choo, kuko msaada unaingia. Kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi, COPA, na komite ya kusimamia shule, COGES, yenye inaunganisha direkta, mjumbe wa walimu, wajumbe wa wazazi na hata mjumbe wa wanafunzi. Ku karatasi ziko kila fasi. Lakini mara mingi prezida wa COPA ni rafiki wa direkta, anakuyaka kutia sinyatire na kunywa Primus, wazazi wenyewe hawamujue sura.

Kwa hiyo: uchaguzi ufanywe na wazazi, darasa kwa darasa, mwanzo wa mwaka, na mtunza feza asiwe ndugu wala shemeji wa direkta. Tena akiwa mama mwenye anachungaka feza ya likirimba (ile watu wanachangaka na kupeana zamu) ku mtaa, ni vizuri zaidi, ju huyo amezoea kuulizwa franga kwa franga na watu wenye wanamujua nyumbani.

Kisha tafuta tablo moja ya zamani, ifunge karibu ya portai, mahali mvua haipige, na kila mwisho wa mwezi andika na chaki mistari tatu: imeingia, imetoka (na kwa kitu gani), imebaki. Kama mumepokea dola na franka, andika zote mbili na kiwango ya kubadilisha ya ile siku, ju hapo njo maneno mengi yanazaliwaka. Hata kama imeingia sifuri, andika sifuri. Kuko direkta wataniambia hiyo ni kujivua nguo mbele ya watu. Mie nasema mwenye kuogopa hiyo tablo ako na sababu yake, na wazazi wanaijua mbele yetu.

Ku segondere kwenye wanalipa bado: usifukuze mtoto ju ya deni la baba yake. Mtoto akifukuzwa haendake nyumbani, anaenda kuzurura Birere, ku soko. Ita mzazi, muandikishane atalipa kidogo kidogo namna gani, mwenye hana kitu kabisa aletwe mbele ya komite, siyo mbele ya darasa.

Mtaa

Chukua apremidi moja, wewe na walimu wawili, muzunguke shule kwa miguu na kuandika nani yuko hapo. Seremala. Wenye kuvunja mawe. Parkingi ya wamotari. Kanisa, msikiti, kituo cha afya, shefu wa avenyu, shefu wa nyumba kumi. Mama wa mandazi. Huyu mama wa mandazi msimuache nyuma, anajua kuliko prefe nani hajakula tangu jana, nani anatoroka kupitia nyuma ya choo, na nani anapewa feza na mwanaume mkubwa ku pikipiki. Mkalishe kwa heshima, mumuombe namba, na mumuambie nani wa kuita akiona kitu.

Mu kuomba mtaa msaada, kuko namna. Omba kazi mbele ya kuomba feza, na omba kitu moja yenye inaweza kuisha siku moja. "Mutusaidie kuendelesha shule" haiombe kitu. "Papa, benchi saba zimevunjika mguu, misumari tunayo, unaweza kutupa Posho moja?" hiyo mtu anaweza kuijibu. Wenye chukudu wanaweza kuleta mchanga safari moja moja. Wamotari wanaweza kusimamisha wenzao watoto wanapovuka barabara. Salongo ikifanyika, direkta na walimu washike jembe pia, siyo kusimama na kaye ya kuhesabu wenye hawakukuya. Kisha ushukuru kwa jina, mbele ya watoto. Na usirudie kila mara kwa yule mmoja mwema, utamuchosha, atabadilisha njia akikuona.

Kama mtaa ni mgumu, kuko mlango mmoja wenye haukataliwake na mtu yeyote hapa Goma: volkano. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka mangaribi ya Posho, watoto walikuwa nyumbani, na bado wengi walipotezana na wazazi ku njia ya Sake na upande wa Rwanda. Fikiria ingekuwa Yumanne saa ine ya asubuhi, mamia ya watoto mu parsele moja. Ita shefu wa avenyu na wazazi, muulize pamoja: watoto watapita wapi? Nani atafungua portai kama mlinzi amekimbia? Kwa kila mtoto andika watu wazima wawili wenye wanaruhusiwa kumuchukua, na namba zao, liste iwe mara mbili, moja ku biro na moja kwa mtu wa komite mwenye anakaa mbali kidogo. Fundisha watoto rangi za tahadhari za OVG, wale wenye kuchunga volkano hapa Goma: kijani, manjano, machungwa, nyekundu. Fanya mazoezi mara moja kila trimestre, na wazazi wakuye kuangalia. Na kama shule iko upande kuko mazuku, yale mashimo yenye kutoa hewa ya kuua, zungukeni na wazee wa pale wawaonyeshe mashimo, ile hewa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini mu bonde hasa asubuhi kukiwa baridi, na mtoto mwenye anafuata mpira mule hatoke. Wazee wanayajua hayo mashimo tangu zamani, ni wageni na watoto njo hawajue.

Kukiwa na malalamiko

Sanduku ya maoni sina imani nayo sana, nani anafunguaka? Direkta mwenyewe. Afazali watu: mwalimu mwanamke mmoja, mwalimu mwanaume mmoja, na mama mmoja wa COPA, majina yao yaelezwe mu kila darasa, mtoto ao mzazi achague mwenye anamuamini. Malalamiko madogo, jibu lipatikane ndani ya wiki, hata kama jibu ni hapana.

Lakini kama ni mambo ya mtu mkubwa kumuingilia mtoto, awe mwalimu, awe mzazi, awe mchungaji, hiyo haiongelewe mu biro na haipatanishwe na mbuzi wala na dola. Mtoto apelekwe ku hospitali mbele ya saa 72 kupita, ju dawa ya kukinga SIDA baada ya hapo haisaidie tena, na polisi wajulishwe. Shule ikificha moja tu, mtaa utaisikia hata hivyo, na kazi yote ya portai na ya tablo inaenda.

Usijaribu haya yote mu mwezi moja. Portai na mikutano ya darasa mu trimestre ya kwanza, tablo ya feza mara komite ikishachaguliwa, mtaa na volkano mbele ya Pasaka. Na mwanzo wa Julai, siku ya kutangaza matokeo, wazazi wakiwa wamejaa mu parsele na roho zao ni nyepesi, usiwaache waende hivi hivi: soma tablo ya mwaka kwa sauti, shukuru wa seremala, wa chukudu na wa mandazi, na mupange hapo hapo Posho gani ya mwisho wa Agosti mutakuya kufyeka na kutengeneza benchi, nani analeta nyundo na nani anapika maharagi.